Kapteni Kishindo Alikuwa Mrina Asali

Juzi pale stendi ya Mpanda nilinunua kitabu kinene, katuni zote za Kapteni Kishindo zimeunganishwa pamoja. Utotoni kule Inyonga nilikuwa na kurasa nne tu, zinanuka moshi na nta, maana baba alikuwa anarina asali. Kishindo alivaa barakoa na joho refu, basi mimi nikajua na yeye anarina.

Mchana mmoja, na mimi nikiwepo, baba alikuja porini na kofia aliyoshona kwa chandarua. Warina wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Baba Neema, nyuki unawaonea aibu? Au leo we ndo bibi harusi?"

Baba akaanza kuivua. Nikakasirika, nikamchomolea ukurasa wangu mmoja wa Kishindo.

"Baba, vaa. Huyu anaruka mpaka juu ya miti, na bado anafunika sura."

Akautazama weee, halafu akaifunga kofia vizuri, akapanda kwenye mzinga. Jioni wale wacheshi walirudi nyumbani wameshikwa mkono, macho yamevimba hawaoni njia.

Sasa kitabu nimekimaliza. Kumbe Kishindo alijifunika ili polisi wasimjue. Nyuki hamna hata mmoja. Mi nasema aliyemchora ndo hakumjua vizuri.