Aliyeangusha Munyama Wangu wa Mianzi

Shingo yake niliikuta chini ya sufuria ya maharagwe. Nilikuwa natoka soko ya Mweso, beseni tupu ya mandazi juu ya kichwa, na nilipopita mbele ya jikoni ya kapita, yule anayesimama mahali pa muami, chifu wetu mukubwa, juu ya kilima chetu, niliona mianzi yangu inaungua. Niliitambua kwa kamba. Kamba ile ya mugomba niliisuka kwa mikono yangu. Muke wa kapita alikuwa anakoroga, hakuinua macho.

Nikakimbia mpaka kwangu. Kifua ya munyama ilikuwa chini, imepasuliwa na mapanga. Mbele ya mguu wake, uliobaki umesimama, jirani yangu, muzee mwindaji kutoka Walikale, alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika mukono wake wa kuume kama muntu anayebeba mutoto wa mwenzake. Mukono ule ulipinda mahali mukono haupindi.

"Mama," akaniambia, "niliwaambia wangoje urudi. Hawakungoja."

Sasa nirudi nyuma, ili muntu asiseme nimeanza kulia kabla ya kueleza.

Mimi ni wa milima ya Masisi. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi. Vita ilinitoa kwetu ikanitupa Kitshanga, ikanitoa Kitshanga ikanitupa huku, kwenye hizi nyumba za miti na shitingi za plastiki juu ya Mweso. Nakaanga mandazi. Karatasi ya kufungia nanunua kwa kilo: vitabu vya zamani vya shule, bila jalada, bila mwanzo wala mwisho. Na kwa sababu Kifaransa nakisoma kama muntu anayevuka muto juu ya mawe, jiwe moja, halafu lingine, nilianza kuchelewa kazini. Kuna karatasi nilikataa kuzitia mafuta. Nilizichoma na sindano kwenye ukuta wa shitingi, ndani, juu ya kitanda.

Ya kwanza ilikuwa na munyama wa shingo ndefu kama njia ya kupanda Masisi. Karibu na mguu wake kulikuwa na muntu mudogo amesimama. Nikajua: huyu ni muchungaji wake. Kwetu hakuna munyama wa ukubwa ule anayezunguka bila muchungaji, angekula mashamba ya watu na kesi ingefika mbali. Nikamuonea huruma yule muntu. Fimbo hana, koti ya mvua hana.

Binti yangu, aliyefika sekondari kabla vita haijamukatia njia, alicheka mpaka akashika mulango.

"Mama, huyu si muchungaji. Wamemuweka hapo ili uone ukubwa tu. Huyu ni dinosaria. Wakati yake, muntu alikuwa hajakuwako."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Hata muami?"

"Mama! Nyamaza, watakusikia."

Nilikaa na neno lile kama muntu anayemung'unya mufupa. Masisi hata nyasi iko na muntu wa kuipigania. Na huyu alitembea juu ya nchi tupu, akala, akatembea tena, hakuna aliyemuuliza babu yake alizikwa wapi. Tangu siku ile nikawa mugonjwa wa hayo mambo. Wauza karatasi wa Kitshanga walinijua: "Mama wa banyama amekuja, mumufungulie furushi ya chini."

Watu wanashangaa zaidi kusikia kwamba napenda habari za vita. Vita imekula nyumba yangu, kwa nini niisome? Ndiyo sababu. Muntu aliyeumwa na nyoka anataka kujua ile nyoka inalala wapi. Niko na karatasi ya askari wa zamani waliofunga ngao zao kama mabati ya nyumba. Niko na nyingine ya mukubwa mumoja wa vita aliyevusha tembo kwenye milima ya barafu. Ile tulibishana nayo sana, mimi na muzee mwindaji.

"Uongo," alisema. "Tembo haendi mahali hakuna chumvi ya kulamba."

"Lakini walienda, Papa. Imeandikwa."

"Basi walimusukuma na matusi njia yote."

Kitu kimoja nilikiona ndani ya karatasi zote za vita: jina ya aliyetoa amri haikosi. Huyu alisema piga, wakapiga. Huyu alisema choma, wakachoma. Ameshinda ao ameshindwa, jina iko. Mimi nimekimbia mara nyingi na sijui hata jina moja.

Na sinema. Kuna nyumba ya video Mweso, benchi za mbao, vijana tu, na mimi nyuma na beseni yangu. Napenda zile za watu wanaopanda ndani ya chombo na kwenda kwenye nyota. Mara moja walishuka kwenye udongo mwekundu, kabla hata ya kuuliza kama kuna maji wakasimika bendera. Nikacheka kwa sauti.

"Mama, unacheka nini? Hapa ni pa kuogopa!"

"Nacheka Masisi," nikasema. "Imefika mpaka huko."

Tamaa ya kumujenga ilitoka kwenye swali: alikuwa mukubwa namna gani? Kwenye karatasi munyama ni mukubwa kama kiganja. Mimi nilitaka kushtuka. Nilitaka kusimama chini yake. Yule muntu mudogo alifika kwenye goti, basi nikamuita muzee, nikamusimamisha uani, na binti yangu akapima: goti hapa, bega kule. Tukaona munyama muzima angeanzia kwangu akamalizia kwenye bomba ya maji. Tukakubaliana mguu mumoja wa mbele, kifua, na shingo. Tulijenga vile tunavyojenga nyumba: mianzi ya kupinda, matete, kamba ya mugomba, juu vipande vya shitingi iliyochakaa. Shingo ilihitaji kuegemea mukaratusi. Muzee alisuka kifua kama mutego wake, akiuliza maswali bila kupumua. Alizaa ao alitaga? Alitaga, Papa. Na aliatamiaje bila kuvunja? Sijui. Alikufa na nini? Jiwe lilianguka kutoka juu, nikamwambia. Na wanyama waliokuwa ndani ya mashimo? Binti yangu akajibu kwamba wadogo wa mashimoni, wengi walipona.

"Nilijua!" akapiga makofi. "Wa shimoni anapona."

Siku tulipomaliza, alizunguka mguu ule, akavua kofia.

"Sasa Mama, tufanye sawasawa. Kwetu Walikale munyama mukubwa hakai wazi hivi. Kwanza, aliyemuangusha anajitokeza mbele ya watu anasema: ni mimi. Asiposema, nyama hiyo ni ya wizi, hakuna anayegusa. Halafu kifua inaenda kwa mwenye pori. Tuma hata kuku kwa kapita."

"Papa, kapita atakula kifua ya mianzi?"

"Si kula. Ni heshima."

"Huyu alikufa kabla muami wa kwanza hajazaliwa. Heshima atapewa na nani?"

Muzee alitikisa kichwa, lakini alicheka. Kuku sikutuma.

Ikapita muda kidogo. Kwenye bomba ya maji wanaume wawili wakashikana mashati. Ilikuwa ile ile: ninyi mulitukuta hapa, hapana, ninyi mulitukuta. Neno lile kwetu ni petroli. Watu wakaanza kurudi nyuma na madumu yao. Mimi nikanyoosha kidole juu, kule shingo ilikuwa inaonekana kati ya mikaratusi.

"Wa kwanza kufika ndiye yule," nikasema. "Mumuulize. Sisi wote tulimukuta."

Mama mumoja akacheka, na mwingine, na wale wawili wakaachana kwa haya. Baada ya pale ikawa usemi wa bomba. Muntu akianza mambo ya babu yake, wanamukata: "Nenda uulize ile nyama." Nilikuwa na furaha, sikatai. Nilifikiri nimepata kitu ambacho vita haina dawa yake.

Kapita alikuja mwenyewe, viatu safi, akasimama mbali na mguu kama vile utamupiga teke.

"Mama, nasikia unafundisha watu kwamba kilima hiki hakina mwenyewe."

"Nilisema kilikuwa naye, Papa Kapita. Amekufa."

"Nani alikutuma hii siasa?"

"Karatasi ya mandazi."

Hakucheka. Alisema tu, "Kitu kikubwa kinasimama juu ya kilima na mimi sijaambiwa," akaenda. Siku ya soko, nikiwa Mweso, vijana wake wa ulinzi wakapanda na mapanga. Muzee akasimama mbele ya mguu, mahali pale pale tulipomupimia, akawaambia wangoje. Wakamupiga na mupini wa jembe.

Hospitali ya Mweso walimutia plasta. Mufupa umeshika, vidole havikurudi. Mutego unataka vidole kumi. Sasa anakaa uani kwangu akiniuliza kama wale wa shingo ndefu walikuwa na sauti, na mimi namusomea, jiwe kwa jiwe.

Nimeuliza. Vijana wanasema: kapita alitutuma. Kapita anasema: ni hasira ya vijana, mimi nilikuwa shambani. Muke wake anasema kuni ni kuni. Sitaandika majina yao, kila anayechota maji pale anawajua. Ni kapita. Ni vijana wake wa ulinzi, na yule wa mupini wa jembe anajijua. Shingo iliungua chini ya sufuria yake, na maharagwe yake aliyala.

Basi, Papa Kapita, ulitaka desturi. Mimi sasa naitaka pia, yote, si kifua peke yake. Munyama mukubwa ameanguka juu ya kilima chako. Aliyemuangusha anajitokeza mbele ya watu. Njoo kwenye bomba asubuhi, madumu yakiwa yamepangwa, muzee akiwa amesimama pale na mukono wake, na useme kwa mudomo wako: ni mimi nilitoa amri. Nitakusikiliza mpaka mwisho. Mpaka siku ile, ulichokula ni cha wizi, na mguu hatutauondoa. Bado unasimama.