Fundi Aliyefumua Machozi

Fundi makochi hakuamini kitu mpaka akifumue. Ukimpelekea kochi lililobonyea upande mmoja, atavua kitambaa, atang'oa sponji, atapekua gunia na springi mpaka afike kwenye mbao, ndipo akwambie kumbe tatizo ni mguu. Biblia aliisoma vivyo hivyo. Kwake, mstari usio na matabaka manne ulikuwa kazi ya mtu mvivu, na Mungu si mvivu.

Kikundi cha kusoma Biblia kilikutana karakanani kwake kila Jumamosi, watu wamejibanza juu ya makochi ya wateja. Mwezi ule walikwama pale Yesu anapolia kwenye kaburi la rafiki yake. Fundi aligoma kusonga mbele. Mtu anayejua fika kwamba sasa hivi atamfufua marehemu, alihoji, analia nini? Basi machozi yale yana kitu ndani. Wakayafumua. Jicho la kulia likapewa Israeli, la kushoto mataifa. Kinyozi, ambaye hajawahi kuacha jambo lipoe, akauliza pua je, maana anayelia hutokwa na kamasi. Walibishana mpaka makoo yakawakauka. Mwishowe suala la kamasi likaundiwa kamati, kinyozi akawa mwenyekiti.

Mkewe fundi, Mama Pacha, hakucheka. Kaka wa fundi, aliyemlea na kumfundisha kushika nyundo, alikuwa amezikwa mwezi huohuo, na fundi hakudondosha hata chozi. Alitoka makaburini, akavaa aproni, akashika kazi. Tangu hapo chakula alikidonoadonoa tu, usingizi ukampaa, na ukimuuliza habari za kaka yake anakujibu kwa tabaka la tatu. Mama Pacha alimwona mumewe anaisha huku amesimama, na aliogopa sana.

"Lia, Baba Pacha," alimwambia jikoni.

Akajibiwa kwamba kilio ni jambo pana.

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wakisubiri taarifa ya kamati. Kinyozi akaingia amechelewa, akaangaza macho, akaona stuli tupu kando ya meza ya kukatia. Hapo ndipo alipozoea kukaa kaka mtu, akisinzia na kuitikia amina pasipotakiwa. Tangu msiba hakuna aliyeigusa. Kinyozi akaketi.

Fundi alikuwa ameinua kidole aeleze tabaka la nne. Macho yakatua kwenye ile stuli. Akalia, akalia kwa mwili mzima, mabega yakimtikisika, pua ikichuruzika mpaka kwenye aproni.

Karakana nzima ikainamisha vichwa kwa heshima. Mwalimu wa hesabu, katibu wa kikundi, akachomoa kalamu taratibu.

"Samahani, fundi. Hili ni tabaka la ngapi?"

Mama Pacha alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mumewe, akimfuta uso kwa kitambaa cha mteja, naye machozi yanamtoka.

"Andika, mwalimu," alisema. "Kaka yake amekufa."