Injini Aliyoipasua Shemeji Yangu

Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa bwana forodha Unguja kabla ya Mapinduzi, na kwa miaka yote niliyomjua Landani hakukubali kuwa kitu kingine. Sisi wengine tulifika tukatafuta kazi. Mimi nilifua mashuka ya hospitali, mume wangu aliingia karakana ya mabasi, na mke wa huyo bwana forodha, mwanamke mwenye adabu zake, akawa anasafisha maofisi alfajiri. Yeye mwenyewe alivaa suti kila asubuhi na kukaa dirishani kwake, mtaa wa Thornton Heath, kama mtu anayengojea gari la serikali lije kumchukua. Ukimuuliza kazi atakwambia hawezi kuamrishwa na watu ambao hata kutawadha hawajui.

Mkewe alipochoka kumlisha, shemeji akanunua lori. Lilikuwa la dizeli, kuukuu, rangi ya kijani iliyobabuka, na kazi yake ilikuwa kuwahamishia watu wetu vitanda na makabati kutoka nyumba hii ya kupanga kwenda ile. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Lakini shemeji hakuhamisha vitanda, alikuwa na "kampuni". Vijana waliobeba makabati aliwaita "wafanyakazi wangu", na yeye alisimama kando ya lori na glavu zake za ngozi akiwaonyesha kwa kidole mlango uko wapi, kama vile hawauoni.

Majira ya baridi yalipokaribia, mume wangu alimwendea. Nilikuwepo, tumekaa sebuleni kwao tunakunywa chai.

"Kaka, tia dawa kwenye rejeta. Bila dawa maji yataganda, na yakiganda yanavimba. Chuma hakistahamili."

Shemeji akatabasamu, akaweka kikombe chini polepole.

"Maji ni maji, bwana mdogo. Mimi nimekagua meli."

Nikamtazama mume wangu, nikidhani atasema kukagua shehena ya meli hakumfundishi mtu injini. Yeye alimaliza chai yake, akaomba nyingine.

Baridi iliyokuja mwaka ule sijaiona tena. Mabomba ya maji yalipasuka ndani ya kuta, nguo nilizosahau kuanua zilisimama kwenye kamba ngumu kama mbao. Jumapili moja mume wangu yuko kazini, mlango ukagongwa. Shemeji, na skafu imemzunguka mpaka puani, anataka birika la maji ya moto. Ana mzigo wa watu Croydon na lori, alilolilaza mbele ya nyumba yetu, haliwaki.

"Mngojee ndugu yako," nikamwambia. "Anarudi mchana."

"Hii ni dizeli tu imeganda, shemeji. Inataka joto."

Hapo alisema kweli nusu. Dizeli ilikuwa imeganda kama samli. Asichotaka kukisikia ni kwamba na maji ndani ya injini yameganda vilevile, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Nikampa birika, kwa sababu kumkatalia ni kumsikiliza zaidi. Akaimwagia injini maji ya moto, akarudi kuchukua mengine, akamwaga tena. Halafu akampata jirani mwenye gari lenye nguvu za kulivuta, wakafunga kamba, wakaliburura lori mpaka likawaka. Nikalisikia kutoka jikoni. Mkanda wa injini ulipiga ukelele kama mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja, kisha moshi, kisha kishindo kimoja kikavu, basi.

Nilipotoka nje walikuwa wameshafika wanaume. Sijui hutokea wapi. Wazee wetu waliokuwa hawawezi kutoka kwenda kununua mkate kwa sababu ya baridi walikuwa wamelizunguka lori na makoti yao marefu, mikono mfukoni, boneti imefunguliwa, kila mmoja anatazama ndani na kutikisa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyejua anachokitazama.

"Huu ni mkono wa mtu," akasema shemeji.

"Haiwezi kuwa bure," mwengine akaitikia. "Wale waliopindua wana macho mpaka huku."

Wakaanza. Nani alionekana mtaani juzi, nani ana ndugu aliyepewa cheo Unguja, nani alicheka lori liliponunuliwa. Walizungumza kwa ufundi na shauku, wakatilia shaka watu ambao hata njia ya kuja Thornton Heath hawaijui. Serikali nzima, ikiwa na visiwa viwili vya kuendesha, iliacha kazi zake ikaja kuharibu lori la vitanda.

"Mkono wa mtu upo," nikasema. "Ni ule uliokataa kutia dawa."

Shemeji hakugeuka. "Haya mambo ya wanaume, shemeji. Ungetupatia kahawa."

Mume wangu aliporudi hakuvua hata koti la kazi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga. Oili ilikuwa nyeupe-nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa iliyolala. Akapapasa ubavu wa injini kwa kiganja, na alipokitoa ngozi ya kidole kimoja ikabaki kwenye chuma.

"Bloku ya injini imepasuka, kaka. Maji yameingia kwenye oili."

"Basi itengeneze," akasema shemeji, na akaenda kwake kuota moto.

Hivyo tu. Usiku huo sikumuuliza mume wangu kwa nini anakubali, maana jibu nilikuwa nalijua. Baba yao alikufa mapema, na huyu kaka ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Kurani na kumrudisha, kila siku, mpaka akahitimu. Sifa hiyo nampa. Sina nyingine ya kumpa.

Kazi ile ilikula mapumziko yetu yote ya baridi. Mume wangu alifunga turubai juu ya lori pale pale barabarani, akaifungua injini kipande kipande. Nati na vyuma vidogo nilivisafisha mimi kwa mafuta ya taa, ndani ya beseni tulilokuwa tukiogea, na nyumba ikanuka mafuta hayo mpaka kwenye vitumbua. Giza liliingia saa kumi jioni, basi nikawa nasimama nimeshika taa, miguu haina hisia, yeye amelala chini juu ya maboksi. Shemeji alikuja kila baada ya chakula. Alisimama na glavu zake.

"Shemeji, shika taa kidogo nikaepue chungu," nikamwomba siku moja.

"Mimi nasimamia," akajibu.

Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kilikuwa kimepinda kwa moto, na ilibidi kipelekwe kwa mwenye mashine ya kukinyoosha uso. Lori la kukipeleka ndilo bovu. Mtoto wetu tukamwacha kwa mke wa shemeji, chuma tukakitia kwenye kigari chake, tukakifunika shali, tukakisukuma barabara kuu mimi na mume wangu, magurudumu yamelala pande. Bibi mmoja wa Kizungu akatusimamisha, akainama na uso wake wa kubembeleza ili amwone mtoto. Akanyanyuka upesi, akaenda zake. Nilicheka siku hiyo, na mume wangu akacheka, na nakumbuka nilifikiri tungeweza kuwa watu wenye furaha sana kama asingekuwa na kaka.

Mwenye mashine alikuwa Singasinga wa Nairobi, mkali, anaongea Kiswahili chake cha kule.

"Nani aliua hii?" akauliza.

"Kaka yangu," akasema mume wangu.

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Anasimamia," nikajibu mimi.

Singasinga akanitazama, akatema mate pembeni, akakipokea kile chuma. Sikuwahi kuelewana na mtu upesi namna ile.

Ufa wenyewe ulikuwa ubavuni mwa bloku, mrefu kama mkono wangu tangu kiwiko. Chuma cha namna ile ukikichomelea kwa moto hupasuka upya pembeni, basi mume wangu akaushona. Alitoboa tundu kwa drili ya mkono, akakaza ndani yake skrubu ya chuma, akaikata kichwa, akatoboa tundu la pili likila ukingo wa ile skrubu ya kwanza, akaenda hivyo hivyo kutoka mwanzo wa ufa mpaka mwisho. Mkono wake ukichoka nilizungusha drili mimi. Alisema nazungusha vizuri kuliko yeye. Sijui kama kweli, lakini nililipenda neno lile na nililihifadhi.

Siku ya kuwasha, wanaume wale wale wakarudi. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliowafukuza mpaka upande wa pili wa barabara, kisha ikatulia ikaunguruma. Mume wangu akaweka kiganja ubavuni, akangoja. Hakuna tone. Kabla hajafuta mikono, shemeji ameshapanda kiti cha dereva, anapiga honi, anazunguka mtaa na kupunga mkono kama rais anayewasili. Hakusema ahsante. Sisemi hivi kwa kuongeza chumvi, nilikuwa nimesimama pale nikilingoja neno hilo.

Majani yalipochipua kukawa na harusi ya watu wetu, ukumbi umegawanywa kwa pazia, wanaume kule, wanawake huku. Viti na masufuria yaliletwa na lori la kampuni. Tumekaa, shoga yangu mmoja akaniinamia sikioni.

"Kumbe shemeji yako fundi! Mume wangu kanihadithia. Injini kaishona mwenyewe kwa mkono, na barafu ile."

"Nani?"

"Shemeji yako. Yuko huko anawaeleza."

Nikaweka sahani. Nikawahadithia tangu "maji ni maji", nikaja kwenye birika, mkono wa mtu, kigari cha mtoto, mpaka "anasimamia". Sikupandisha sauti, lakini wanawake walisogeza viti, na walipocheka walicheka kwa vifua vyao vyote. Pazia ni kitambaa. Kabla biriani haijakwisha habari ilishavuka, na upande wa pili kukaanza kikohozi cha wanaume wanaozuia kicheko. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Bwana forodha, leo unasimamia nini?"

Njiani kurudi, ndani ya basi, mume wangu alitazama dirishani.

"Umemvunjia heshima kaka yangu."

"Yeye kakuibia kazi yako."

"Kazi naijua mwenyewe. Mwache. Ana nini kingine?"

Huruma ile niliidharau karibu sawa na majivuno ya nduguye, na nilimwambia. Tukashuka kituo chetu bila kushikana mkono.

Shemeji alikata mguu kwetu. Hakuja kunywa chai, hakuja kutufafanulia siasa, hakuazima kitu. Ulikuwa wakati mzuri kuliko wote tangu nihamie nchi ile. Hata vitumbua vilirejewa na ladha yake. Lakini mume wangu hakustahamili. Kila Ijumaa baada ya sala alipita kwa kaka yake, akakaa, akarudi amekunja uso. Mpaka Ijumaa moja akarudi uso umemkunjuka.

"Tumepatana," akasema.

"Kasema nini?"

Akavua viatu kwanza, akavipanga vizuri.

"Kasema amekusamehe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na mume wangu, baada ya kunitazama sana, akaniambia ninyamaze kwa sababu kaka yake yuko nje anaegesha lori.