Alama Tatu kwenye Kalenda

Dada yangu alirudi nyumbani mchana, jino lake likiwa kwenye tishu. Alikuja kwa boda boda, kichwa amekifunika kitenge asijulikane, lakini yule dereva alimtilia shaka.

"Nnyabo, si wewe yule?" alimwuliza kwa adabu mbele ya duka letu la Nakawa, akionyesha bango la tamasha ukutani ng'ambo ya barabara.

Dada alimtazama yule mwanamke wa kwenye bango, anayecheka meno yote nje. "Wengi wanasema tunafanana," akajibu, akaingia ndani.

Mumewe ndiye anayemwandalia matamasha, na ndiye aliyemvunja jino. Jioni ile akatuma talaka kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, talaka moja. Baba aliisikiliza mara tatu, simu ikiwa mbali na sikio. Baba anauza kofia, udi na vitabu vya dini, na ni mwalimu. Watu wenye matatizo ya ndoa humfuata hata kutoka Port Bell. Akasema talaka imepita. Akatueleza kwamba katika eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila hata kumwuliza. Damu ya mwezi ya tatu ikianza, eda imekwisha. Hapo akimtaka lazima aje kuposa upya, na mwanamke anaweza kukataa.

Mambo haya baba huwaeleza wanawake wa watu bila kupepesa macho. Kwa binti yake alishindwa. Mama alishafariki, na mimi ndiye ninayebaki nyumbani tangu nimalize darasa la saba.

"Wewe utajua," akaniambia, akiangalia rafu ya kofia. "Uwe unaweka alama."

Nikaweka nukta ya kwanza kwa penseli kwenye kalenda ya mlango wa stoo, na baadaye ya pili. Dada alilala sana. Saluni ya jirani ilipopiga wimbo wake, hakuinua kichwa. Mama mmoja Mkenya anayekaanga chapati nje ya duka alikuwa akimchungulia dirishani.

"Supastaa, leo ngapi?"

"Moja."

"Moja! Mtoto wangu wa nasari anakula tatu na bado ananinunia."

Dada alikula nusu.

Ya tatu ilianza Ijumaa asubuhi, kabla ya chai. Niliona mwenyewe, nikaweka nukta. Dukani kulikuwa na watu, na mimi mbele ya watu sisemi. Nikajiambia nitamwambia baba baada ya alasiri.

Kabla ya alasiri mumewe akaja, amevaa kanzu nyeupe, amebeba sukari, na wazee wawili nyuma yake. Akasema mbele yao kwamba amemrejea mkewe. Baba akawaomba wasubiri, akaja uani.

"Ya tatu imefika?"

Dada alikuwa nyuma ya pazia. Akanivuta gauni. "Mwambie bado."

"Dada, si imeanza asubuhi?" nilimnong'oneza.

"Mwambie bado. Nimechoka kukaa hapa."

Ni mkubwa wangu. Sijawahi kumkatalia kitu.

"Bado, baba."

"Basi ni mkewe," baba akasema. Wakaondoka naye kabla ya adhana.

Baada ya hapo tulimwona magazetini, akiimba kwenye hoteli moja ya Nakasero, mumewe amemshika kiuno. Kila nilipopita mlango wa stoo niliiona ile nukta. Mwishowe niliing'oa kalenda, nikaiweka chini ya godoro langu.

Mvua zilipoanza akarudi tena. Safari hii ni mbavu. Hakuweza kulala kwa ubavu wa kushoto. Baba akampigia simu yule mwanamume.

"Simwachi, mzee," tulimsikia akisema. "Akae huko hivyo hivyo. Bado ni mke wangu."

Baba akawaendea wazee, wakamwambia asubiri. Alirudi, akakaa dukani na kofia mkononi kama aliyesahau inakouzwa. "Bila talaka," akasema, "sina la kumwambia. Yule akija kesho kumchukua, nitamzuia kwa neno gani?"

Neno lilikuwa chini ya godoro langu.

Nilimwuliza dada nikiwa namwosha mgongo. "Nimwambie baba?"

"Umwambie nini?"

"Ile ya tatu."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa alipojibu. "Atajua nimeishi na mtu ambaye si mume wangu."

"Ndiyo."

"Na atajua wewe ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Fanya utakavyo," akasema. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejibu kuhusu chumvi.

Nikaipeleka kalenda dukani, nikaitandaza juu ya meza ya kuuzia, nikaweka kidole kwenye nukta. Baba aliijua Ijumaa ile.

"Hii ni ya saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya chai."

Akavua miwani. Mteja akaingia kutafuta kofia, baba akamjaribishia moja, ikambana, akamletea nyingine. Mteja alipotoka, akafunga mlango nusu.

"Ulisema bado."

"Nilisema."

"Nani alikutuma?"

Macho yangu yakaenda uani. Hakuniuliza tena. Akapita uani, akasimama mbele ya pazia la chumba chetu. Niliona mkono wake ukiishika nguo ya pazia bila kuifungua.

"Mwanangu," akasema. "Ile Ijumaa, ilikuwa imefika?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza yeye mwenyewe.

"Ilikuwa imefika, baba."

"Basi wewe si mke wa mtu. Tangu siku ile." Akaliachia pazia. "Akija nitamwambia hivyo, mbele ya wazee wale wale."

Baba akasema sote watatu tuna toba ya kuomba, na kwamba ataanza yeye, kwa sababu swali lile lilikuwa lake na alinitwika mimi. Akaenda kutawadha.

Niliingia kwa dada. Alikuwa amekaa, anakunja kile kitenge alichokuja nacho. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hakulia. Na mimi nilisubiri nisikie kitu ndani yangu, furaha au aibu, chochote. Nilichosikia ni mfereji wa uani, baba hakuufunga vizuri. Nikaenda kuufunga.