Rafu ya Herufi Kubwa

Katoni za vitabu vipya zilipofika, kila mtu pale maktabani alijua nani atazifungua. Mkuu wa maktaba alikuwa na funguo za jengo zima, lakini kisu cha kufungulia katoni kilikaa mfukoni mwa Mama Gundi, na ole wake atakayekigusa. Jina la Gundi alibandikwa na wenzake, maana miaka yote aliyofanya kazi pale vidole vyake havikuwahi kukauka sawasawa. Kitabu kilichochanika hakikufia mikononi mwake, na kitabu kipya hakikupanda rafuni kabla hajakikagua kama mkwe anayeletwa nyumbani kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na utaratibu wake. Kitabu kipya hakifunguliwi kwa pupa. Alikisimamisha mezani kwa mgongo wake, akalaza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, akizikandamiza kwa kidole gumba mpaka akafika katikati. "Ukikivunja mgongo siku ya kwanza," aliwaambia wafanyakazi wapya, "kitatema kurasa maisha yake yote, na wewe utamlaumu mchapishaji." Baada ya hapo ulifuata muhuri, namba, jalada la plastiki, na kibandiko kama kipo. Na kibandiko hakikosekani. Mama Gundi alivipenda vibandiko. Kwake yeye kitu kisicho na lebo kilikuwa kama mgeni anayeingia ndani bila hodi.

Safari hii alifungua katoni huku akiimba puani, kwa sababu ndani mlikuwa na ushindi wake. Vilikuwa vitabu vya herufi kubwa: riwaya za upelelezi, za mapenzi, za safari, vyote vimechapwa kwa maandishi mazito, mistari imeachana vizuri, jicho lililochoka lisipotee njia. Alivipigania kikao baada ya kikao, hadi ikafika mahali wajumbe wakimwona anaingia wanajifanya wanatafuta kalamu zao chini ya meza. Mwishowe Mkuu akakubali, ila kwa sharti. Vingekaa kwa majaribio mpaka robo ya mwaka iishe, na visipoazimwa vingehamishiwa tawi jingine.

"Chema chajiuza, Mama Gundi," Mkuu alimwambia.

"Basi kaa hapo hapo, mwanangu, uone wanunuzi."

Kwenye vikao alisema anawapigania wananchi. Ilikuwa kweli, ila mwananchi wa kwanza alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Wenzake walipokuwa wakisubiri kupakiwa mzigo kwa kucheza karata, yeye aliegemeza riwaya kwenye usukani. Mkewe ndiye aliyemchagulia, na akirudi nyumbani alimsimulia ya barabarani na ya kitabuni, mara nyingine akiyachanganya mpaka mama wa watu asijue ni nani hasa aliyeibiwa tairi. Kisha macho yakaanza kumfanyia hila. Kila alichokitazama kikawa na ukungu katikati. Daktari alisema kilichoondoka hakirudi, atunze kilichobaki. Leseni ikaenda. Riwaya nazo zikaanza kumkimbia, mstari ukimezwa na mstari. Mzee hakulalamika hata kidogo. Alisema tu kwamba vitabu vya siku hizi havina hadithi, akawa anashinda na redio, habari zilezile saa baada ya saa. Mama Gundi aliweza kuvumilia mengi, lakini kumwona mtu yule amenyamaza kulimkata maini.

Kwa hiyo rafu ile aliiandaa kama anayeandaa chumba cha mgeni wa heshima. Aliiweka karibu na mlango, mtu asilazimike kupanda ngazi. Aliweka na viti viwili vyenye mikono na taa ya mezani. Kila kitabu kilipata kibandiko cha njano chenye picha ya miwani. Juu ya rafu akatundika bango: VITABU VYA HERUFI KUBWA, KWA WAZEE NA WENYE MACHO DHAIFU. Alirudi nyuma, akashika kiuno, akaridhika na nafsi yake.

Hakuja mtu. Wazee waliingia, wakasoma bango, kisha wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli ghorofani. Bibi Mwalimu, mstaafu aliyefundisha nusu ya mji na ambaye bado alisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu, alisimama mbele ya rafu akaguna kwa huruma. "Vizuri sana. Wazee nao wapate pa kujisomea," alisema, huku yeye mwenyewe akiwa na wajukuu wenye ndevu. Akaenda zake kuazima riwaya yenye maandishi kama sisimizi, na baada ya siku chache akairudisha akidai imemchosha.

Wiki zikapita. Mkuu akipita pale alikohoa tu, na kikohozi kile Mama Gundi alikielewa vizuri. Hata hivyo hakutikisika. Alijiambia kwamba watu huogopa kipya mpaka mmoja atangulie, na wa kutangulia alikuwa naye nyumbani. Jumamosi moja akamwomba mumewe amsindikize kazini, eti mkoba ni mzito.

Mzee alifika mpaka mbele ya rafu. Lile bango lilikuwa limeandikwa makubwa kiasi kwamba hata yeye hakuhitaji msaada. Alilitazama kwa upande wa jicho, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo, akaingiza mikono mifukoni.

"Nimeacha redio inawaka," alisema, akatoka.

Jioni, chai ikiwa mezani, Mama Gundi hakuweza kujizuia.

"Redio ilikuwa imezimwa, baba watoto."

"Najua."

"Nimegombana na kikao kizima kwa ajili yako. Sasa tatizo nini? Herufi hazitoshi?"

"Zinatosha. Hata za lile bango zinatosha, mtaa mzima unazisoma." Akaweka kikombe chini. "Mama watoto, ukichukua kitabu pale unabeba na kile kibandiko. Mlinzi anakuona, muuza magazeti anakuona. 'Ahaa, kumbe yule dereva macho yamekwisha!' Lori likiniharibikia njiani nilikuwa naweka alama nyuma yake ili watu wasiligonge. Sasa na mimi mwenyewe unaniwekea alama?"

Mama Gundi, ambaye wajumbe wa vikao walimkimbia kwa maneno, alisukuma kiti nyuma. Aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kwanza alikasirika, tena sana, kwa kuwa mtu hapendi kupigania kitu kwa jasho kisha aambiwe amekosea. Halafu hasira ikashuka, ikamwachia aibu. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa amembandika lebo.

Jumatatu aliingia kazini na draya ya kukaushia nywele ya mdogo wake wa kike, msusi. Gundi ikipata joto hulegea, hilo alilijua toka zamani, lakini hakuwahi kudhani atalihitaji kwa kazi kama hiyo. Akapuliza kitabu kimoja kimoja, akainua ncha ya kibandiko kwa ukucha, akakivuta taratibu jalada lisichubuke. Wenzake walijaa mlangoni.

"Leo Mama Gundi anabandua! Dunia imefika mwisho."

"Nyamazeni mniletee kitambaa."

Bango nalo likashuka, na viti vikarudi vilikotoka. Vile vitabu akavichanganya na vitabu vipya vingine kwenye rafu kubwa ya katikati, vya upelelezi kwa vya upelelezi, vya mapenzi kwa vya mapenzi, herufi kubwa bega kwa bega na ndogo. Mkuu alipoona hivyo alishika kichwa.

"Sasa wenye macho dhaifu watavijuaje?"

"Watafungua. Ukurasa ukikukaribisha huhitaji bango."

"Na hesabu za majaribio, mama?"

"Kompyuta inavijua vyote. Wewe na kompyuta mjue, rafu inyamaze."

Mkuu alifikiri kidogo, akacheka. "Haya. Lakini sharti liko palepale."

Wa kwanza kunasa alikuwa Bibi Mwalimu. Alifungua kitabu kimoja, akainua nyusi, akafungua na cha pili. "Hatimaye wachapishaji wamejifunza kazi yao," alitangaza, akaondoka navyo vyote viwili. Wale wazee wa ghorofani wakaanza kushuka. Muuguzi mmoja kijana alichukua riwaya ya mapenzi kwa sababu aliweza kuisoma akiwa amesimama kwenye foleni, na alipoirudisha alimleta na mwenzake. Rafu ikaanza kuwa na mapengo, na hakuna kinachomfurahisha mkutubi kama pengo. Robo ilipoisha Mkuu alitangaza kwamba vitabu vile vinabaki na vingine vitaagizwa. Mama Gundi hakusema "Nilikwambia." Kulimgharimu, lakini hakusema.

Furaha yake, hata hivyo, ilikuwa na shimo. Mumewe alikuwa hajaja. Kila jioni kabla ya kufunga, mkono wake ulienda kwenye ile rafu, ukashika kitabu, ukakirudisha. Kumpelekea nyumbani kungekuwa rahisi mno, na angemkosea tena. Alimwambia tu kwamba bango amelitoa. Mzee akaitikia "Mh," akaongeza sauti ya redio. Mama Gundi alipigana na ulimi wake usiku ule kuliko alivyowahi kupigana na kikao chochote.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye meza ya kuazimia, amemshikia mwenzake aliyeenda kula. Foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa ameinamia kompyuta pale kitabu kilipowekwa mbele yake, riwaya ya upelelezi, nene, na mkono uliokiweka aliutambua kabla hajainua uso. Ilibaki kidogo aruke meza. Lakini mzee alikuwa amesimama wima, shati limepigwa pasi, akitazama juu ya kichwa chake kama mtu asiyemjua kabisa. Mama Gundi akaelewa, akameza furaha yake.

"Karibu, mzee. Kadi?"

"Sina."

Ni kweli, hakuwa nayo. Maisha yake yote alikuwa amesomea kadi ya mkewe.

"Jina?"

Akalitaja lote, mpaka la babu.

"Unakaa mtaa gani?"

"Huohuo unaokaa wewe."

Nyuma kwenye foleni mtu akacheka.

"Kazi?"

Hapo mzee akanyoosha kola ya shati, na vidole vya Mama Gundi vikasimama juu ya kompyuta.

"Dereva," alisema.

Akaandika dereva. Hakuongeza neno jingine lolote. Kadi ikatoka, akampa pamoja na kitabu.

"Ni wiki mbili, mzee."

"Mimi macho yangu ni mabovu," mzee akasema, na akalisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. "Nasoma polepole."

"Ni wiki mbili. Ukichelewa unalipa faini kama watu wote."

"Kama watu wote," mzee alirudia, na uso wake ukakunjuka. Akakitia kitabu kwapani, jalada likitazama nje, akatoka kwa mlango mkubwa bila haraka.

"Anayefuata," Mama Gundi aliita, macho bado mlangoni.