Maji ya Kupeleka Mtoni

Mume wangu Verlin hajui kusema uongo, isipokuwa wiki moja tu kwa mwaka, mwezi wa Oktoba, kabla ya kwenda kuwinda kulungu. Wiki hiyo anakuwa fundi.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa hapahapa Idaho, nyumba ya wawindaji, na najua anayeingia milimani peke yake anaacha karatasi nyumbani. Anaandika anakwenda bonde gani, atapiga hema wapi, na siku gani tuanze kumtafuta. Verlin alishabandika yake kwenye friji: "Mto Sawyer. Jumapili jioni nisipoonekana, ita watu." Ana miaka sitini na moja, goti bovu, na redio ilikuwa imetangaza theluji.

Miaka yote anafunga begi mwenyewe; mwaka huu, kwa ajili ya goti, tukapanga vitu pamoja kwenye sakafu ya jikoni. Yeye anataja, mimi natia kwenye begi. Hema. Jiko dogo. Mifuko ya kitambaa ya kufungia nyama. Risasi ishirini. Kisha akaleta madumu mawili ya lita tano tano, yamejaa maji.

"Haya ya nini?"

"Ya kunywa, mama. Kwani siku hizi watu hawanywi?"

"Unapeleka maji mtoni?"

"Ya Sawyer yananiharibu tumbo."

Yanamharibu tumbo! Miaka ishirini anayanywa, hata kuharisha hajaharisha. Nikayaweka kando ya begi. Akaleta kamba, mita thelathini nzima. Akaleta vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu. Sawyer kote ni majani na miti, unatembea kama uko uani. Na mshipi wake wa kuvulia samaki, ambao haendi Sawyer bila huo, ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango.

"Verlin, huendi Sawyer."

"Nani kasema?"

"Begi lako limesema."

Akacheka. "Nilioa mke, kumbe nimeoa mpelelezi. Sikiliza, nikiandika kweli, kaka yako atakuja kunywa kahawa yako ya bure, atasoma, na mwakani kule kutajaa watu kama sokoni."

"Na Orrin je?"

Kicheko kikamtoka usoni. Orrin alikuwa jirani yetu. Miaka mitatu nyuma aliandika Sawyer kwenye karatasi yake, akaenda kwingine. Wanaume wa hapa walilikanyaga bonde la Sawyer siku tisa, Verlin mbele yao, anarudi miguu imechubuka. Orrin alikuja kuonekana Juni, theluji ilipoyeyuka, juu kule Kettle, mguu umevunjika. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa vijiti na shati. Daktari alisema alikaa hai siku tano, labda sita.

Kettle. Mlima mkavu, huko juu hupati tone la maji, na nyama yako lazima uishushe gengeni kwa kamba. Nikayatazama yale madumu. Nikaitazama ile kamba.

"Unakwenda Kettle," nikasema. "Mungu wangu! Umeanza lini kwenda huko?"

Akawa anakunja mfuko wa nyama, anaukunjua, anaukunja tena.

"Verlin! Ulianza kabla Orrin hajafa?"

"Tulikutana kule mara moja, mimi na yeye. Zamani. Tukakubaliana hakuna atakayemwambia mtu."

"Kwa hiyo zile siku tisa ulijua."

"Sikujua! Nilidhani tu. Siku ya kwanza nikasema atatoka mwenyewe. Siku ya tatu nikasema, nikitaja sasa, wataniuliza mbona juzi hukusema. Halafu..." Akauweka mfuko chini. "Halafu nikaona ameshakufa, Lavonne. Na sehemu yenyewe ni nzuri."

Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, hasira naijua, tunaishi nayo. Nilimchukia mume wangu, miaka thelathini na minne ya ndoa. Nikaibandua ile karatasi kwenye friji, nikamtupia na kalamu.

"Andika kweli, la sivyo funguo za gari huzioni."

Akaandika. Kettle, upande wa kusini, hema chini ya genge.

"Usiibandike," akasema. "Nakuomba, mama." Akapakia vitu vyake, akaondoka bila kunigusa hata bega.

Haikupita nusu saa mlango ukagongwa. Alikuwa Bernadine, mjane wa Orrin, na pai ya tufaha aliyoifunga kwa taulo. Oktoba hawezi kukaa nyumbani kwake peke yake. Akaingia, macho yakaenda moja kwa moja kwenye friji. Palikuwa na sumaku tupu.

"Hajaacha karatasi?" Uso ulimbadilika. "Dada, usimwache aende hivi hivi, nakusihi! Kaenda wapi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilikuwa nimeishika. Nikitaja Kettle, ataniuliza Verlin amekujua tangu lini.

"Sawyer," nikasema.

"Una hakika?"

"Kaniambia mwenyewe."

Akashusha pumzi, akavuta kiti. "Afadhali wako anasema kweli," akasema, akaanza kunikatia pai. Niliona aibu, lakini niliila. Nilikula vipande viwili.