Televisheni ya Kulwa na Padi ya Doto

Ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga jambo kubwa kuliko televisheni ya inchi ishirini na nne. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Kahama mjini, wala sikuwa nimekunywa kitu.

Nilitoka Songea kwa basi, nikalala Makambako, nikalala tena Dodoma, na siku ya tatu nikashuka Kahama nimevimba miguu. Nilifuata kazi ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Miji mingi nimeishi, na kila mmoja naukumbuka kwa chumba nilichopanga. Wa Kahama naukumbuka kwa chumba kisichokuwa changu.

Nilipanga mtaa wa Nyahanga, kwa Mama Kulwa. Alikuwa na mapacha wakubwa, Kulwa na Doto, wachimbaji wote wawili. Asubuhi moja, miezi michache kabla sijafika, waliingia pamoja kwenye duara, shimo la kuchimbia. Likaporomoka. Doto alitolewa amekufa, Kulwa akatolewa amevunjika paja. Mfupa uliunga, na hospitali wakamwambia atembee. Hakutaka. Alilala amegeukia ukuta, hasemi, chakula anakigusa tu. Nilikaa wiki nzima bila kuiona sura yake. Picha za mapacha mama alikuwa amezifungia sandukuni.

"Shikamoo mama," nilimwamkia asubuhi moja.

"Marahaba, Mngoni. Hivi wewe si mtani wetu? Msiba umekaa humu ndani na mtani yupo, anakula ugali tu!"

Alisema kweli. Sisi Wangoni na Wasukuma ni watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Akaniambia jambo alilokuwa amelifikiria. Wanawe walikuwa wanapenda gemu la mpira kuliko kula. Baada ya mazishi Kulwa aliivunja televisheni kwa gongo lake la kutembelea. Gemu lenyewe lilikuwepo bado, na padi yake ya kuchezea. "Wewe umesoma sekondari. Nenda ukanichagulie televisheni ndogo ya chumbani. Asipoamka kwa hilo, huyu naye namzika."

Nikaenda. Mzigo huo niliuona mzito kuliko mawe ya karasha, niamini.

Duka lilikuwa la Mama Zahra, mama wa Kihindi anayeongea Kisukuma kuliko mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni ya inchi arobaini na tatu, inang'aa kama kioo cha saluni, nikasikia nyuma yangu:

"Mwangaluka!"

Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na saa ilikuwa tisa alasiri. Nilijibu kwa heshima tu. Alikuwa kijana mrefu, tope jekundu hadi kwenye nyusi, kama ametoka shimoni dakika hiyo.

"Mngoni, hiyo ya nini? Toka kitandani mpaka ukutani ni hatua mbili. Atazungusha shingo kama kuku anayetafuta mwewe. Chukua ishirini na nne."

Nani alimwambia mimi ni Mngoni? Nani alimwambia habari za hatua mbili? Mtu akikuzidi ujuzi huulizi maswali, unasikiliza. Aliomba gemu la kujaribia la pale dukani, akachomeka kwenye ya kwanza, ile kubwa. "Bonyeza. Umeona? Umebonyeza, mchezaji anafikiria kwanza. Akimaliza kufikiria, umeshafungwa." Akachomeka kwenye ya pili, ile ya ishirini na nne. Nikabonyeza, mpira ukaruka palepale. "Hii ina akili. Na tundu la waya liko ubavuni, hata ukiisogeza ukutani unachomeka. Sasa lala."

"Nilale wapi?"

"Chini. Yeye atacheza amelala, wewe utamchagulia umesimama?"

Nikalala sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, naye akalala pembeni yangu. Kweli, ya kwanza ukiitazama kwa chini nyasi za uwanja zinakuwa kijivu. Ya pili zilibaki kijani.

"Nyie!" Mama Zahra alipiga kelele. "Hapa si gesti!"

Tulicheka mpaka nikakohoa. Kisha akaniuliza, "Na padi?"

"Ipo moja. Inatosha, mgonjwa ni mmoja."

Hakucheka tena. "Mapacha hawapewi kimoja, kaka."

Nilikwenda kaunta kulipa, na nilipogeuka hakuwepo. Mama Zahra alikuwa anafuta tope kwenye kioo cha kaunta. "Rafiki yako kanichafulia duka, halafu kasahau hii. Si mali yangu." Akanipa padi kuukuu, imeganda udongo, na nyuma imechorwa herufi D kwa msumari.

Nilipomwonyesha Mama Kulwa, alikaa chini mlangoni. "Hii tulimzika nayo," alisema. "Niliiweka mwenyewe, mkononi mwake."

Tuliingia chumbani. Kulwa akageuka kutazama. Ilikuwa sura ileile ya kijana wa dukani, bila tope. Aliiona padi, akainyooshea mkono. Tukachomeka gemu. Akashika yake, ile ya D akaiweka juu ya mto, pembeni yake.

Timu ya pili ikajichagua. Mpira ukaanza. Vitufe vya padi ile vilikuwa vinabonyea vyenyewe, polepole, halafu kwa kasi. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja.

Jioni ya kwanza Kulwa alifungwa manne, akamaliza ugali wote. Ya tatu akaanza kutukana. Ya tisa alifungwa goli la mwisho, akaruka kutoka kitandani na kusimama kwa miguu yake miwili, kidole kwenye kioo: "Ofsaidi! Doto, we mwizi, ofsaidi hiyo!"

Ndipo alipojiona amesimama.

Nilikaa Kahama mwaka mmoja na nusu. Siku nilipoondoka moja kwa moja, Kulwa alinisindikiza stendi kwa miguu, na fimbo aliibeba kwa madoido tu.

"Doto je?" nilimuuliza.

"Kabaki nyumbani, anafanya mazoezi. Jana nilimfunga."

Sijarudi, na mji ule naukumbuka kila nikisikia kelele za gemu kwenye kibanda. Ila nakuambia wewe unayesoma: ukinunua kitu cha pacha, nunua viwili, hata kama unaona amebaki mmoja. Na mtu mwenye tope akikuamkia salamu ya asubuhi saa tisa alasiri, usimrekebishe. Itikia. Huko alikotoka bado ni asubuhi.